Boloti Nne

Mfuko wa samaki ulikuwa na matabaka matatu, na ninajua kila tabaka lilitoka wapi. La nje lilikuwa turubai la lori la kampuni ya migodi, lori lililokufa mbele ya karakana na kila aliyepita akalikata kipande. La ndani lilikuwa plastiki nyeupe, ile inayotandikwa ndani ya friji. La katikati, lenye kazi yenyewe, lilikuwa povu gumu la manjano. Watu hufungua friji maisha yao yote bila kujua kwamba ndani ya mlango kuna povu. Jirani yetu alijua, kwa sababu alikuwa fundi wa friji wa kampuni, na kampuni ilipoanza kuanguka alibaki na friji nyingi za kuchinja na hakuna ya kutengeneza.

Aliushona mwenyewe kwa sindano ya magunia na uzi wa kuvulia, akiwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, upande wa pili wa lupango, yaani ua wetu. Turubai lilikuwa gumu hata akawa anasukuma sindano kwa kisigino cha kiatu.

Mtumbwi tuliovulia hakuutengeneza yeye. Ulikuwa kayaki ya rangi ya machungwa, nyembamba, nyepesi, ya kukaliwa na watu wawili kama wamepatana. Wakubwa wa kigeni walikuwa na klabu yao kwenye ziwa la Nzilo. Walipokuwa wakifunga masanduku ili wakimbie ghasia za nchi, mmoja wao alimwambia fundi achague kitu cha kumkumbukia: kayaki au piano.

“Piano haivuake samaki,” fundi alituambia alipoileta, akiisukuma juu ya magurudumu mawili ya baiskeli. Kambi nzima ya wafanyakazi ilitoka kumcheka.

Mimi nilikuwa nimerudi Kolwezi kutoka Lubumbashi na nusu ya shahada. Chuo kilikuwa kimefungwa, na hakuna aliyeweza kusema kitafunguliwa lini. Baba yangu alikuwa karani wa kampuni, mtu wa kaskazini ya Katanga, mwenye mashati matatu meupe na ofisi isiyokuwa tena na kazi. Zamani kampuni ilitugawia unga, mafuta, samaki wa barafu, hata misumari ya kutundikia picha. Ilipoacha kugawa, tuligundua kwamba kambi nzima haikujua kutafuta. Watu waliamka asubuhi, wakavaa nguo za kazi, wakaketi.

“We Injenieri,” fundi aliniita siku moja kutoka upande wake, “ukipikaka bitabu byako, supu inatokaka?”

“Bado sijajaribu, Tata.”

“Basi kuya tuende ku maji. Kule utajaribu kitu ingine.”

Ndivyo nilivyoanza kuvua. Tulitoka alfajiri tukisukuma kayaki barabarani, tukipishana na baiskeli za watu wa mji wa Kasaji zilizobeba magunia ya mihogo, mpaka mahali ambapo mkono wa ziwa unaingia kati ya vichaka. Ziwa hilo lilizamisha msitu zamani, lilipojengwa bwawa, na visiki bado vimesimama ndani ya maji. Makobo, samaki wa ziwa hilo, wanapenda visiki. Ukijua kuteleza kati yake bila kupiga kasia kwa kelele, utawapata. Kayaki inaweza kufanya hivyo. Mtumbwi wa gogo hauwezi.

Shida ilikuwa jua. Kufikia saa nne asubuhi samaki alikuwa amelegea, na kutoka ziwani hadi kambini ni mwendo mrefu. Wanawake wa kambi walikuwa wamezoea samaki wa kampuni, mgumu kama jiwe. Ukiwaletea aliyelegea walimbonyeza tumbo kwa kidole na kukuuliza kama amekufa kwa ugonjwa. Ndiyo maana mfuko ulishonwa.

Fundi alikuwa na sheria zake. Samaki hupasuliwa papo hapo, mashavu yanatolewa, anapanguswa kwa kitambaa, haoshwi. Chini kabisa vinakaa vibidoni, vidumu vya plastiki vyenye maji yaliyoganda, kisha kitambaa kibichi, kisha samaki, kisha kitambaa, kisha vibidoni tena. Samaki asiguse barafu uchi. Na kifuniko kisikae wazi.

“Funga! We unataka kutia ziwa lote baridi?”

Barafu ilitoka kwake nyumbani. Umeme wa bwawa ulikuwa bado unafika kambini siku nyingi, na friji yake kubwa ilikuwa ya mwisho mtaani iliyokuwa ikiunguruma sawasawa. Katika friji hiyo, karibu na vibidoni vyetu, mke wake alikuwa akiweka dawa yake. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alijichoma sindano kila siku, na dawa hiyo, insulini, haitaki joto. Umeme ulipokatika, chupa zake ndogo zilihamia kwenye mfuko wetu, zikiwa zimeviringwa kwenye kitambaa cha kanisa.

“Dawa yangu inanuka makobo,” alilalamika. “Siku moja nitaamuka na magamba.”

“Bizuri,” mumewe alisema. “Nitakuuza.”

Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshakula bukari, ugali wetu, mezani kwa mwanamke huyu mara nyingi kuliko mezani kwetu. Mtu asiyejua hilo hatajua uzito wa yanayofuata.

Sasa niseme kuhusu kufunga. Fundi aliufunga mfuko nyuma ya kiti kwa kamba moja, na kwa fundo ambalo ukivuta ncha moja linafunguka lote. Nilimuuliza kwa nini, maana nilikuwa nauliza kila kitu: kwa nini padri hasemi lolote kuhusu njaa, kwa nini redio inaimba wakati watu hawalipwi, kwa nini fundo hili na si lile.

“Bwato ikipinduka,” alisema, “unavuta hapa. Mufuko inaenda yake, we unabakia na bwato. Bikifungwa pamoja, binakuzamisha pamoja.”

Nikaona ni imani ya wazee. Kisha siku moja upepo ulitupiga ubavuni, kayaki ikalala upande, nami katika kushika nilishika ncha ile ya kamba. Mfuko ulitoka ukaelea zake mpaka kwenye visiki, kifuniko kikafunguka. Tuliupata. Samaki kumi na mmoja hatukuwapata. Samaki aliyepasuliwa haelei. Fundi alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu ya uhandisi na nilikuwa nimeshindwa na fundo la kamba.

Juma hilo, bila kumuuliza, nilitoboa sakafu ya kayaki mahali panne. Nilipitisha boloti nne kutoka chini, nikazizungushia lami na mpira wa mkanda wa mashine. Nati ya kwanza ilibana kila boloti kwenye sakafu. Juu yake nikakalisha mfuko, boloti zikitokeza ndani kupitia matabaka yote matatu, na kwa ndani nikaweka nati ya pili. Kisha nikazipondaponda ncha kwa nyundo ili zisilegee kamwe. Nilijivunia sana. Uzito ulikaa chini, kayaki ikatulia majini kama meza.

Fundi aliuvuta mfuko kwa mikono miwili. Haukusogea.

“Kitu yenye haifungukake, haukuifunga, mwana,” alisema. “Umeizika.”

“Lakini haitaanguka tena, Tata.”

“Ile ni kweli. Haitaanguka.”

Mambo yaliyofuata watu wanasema yalikuja ghafla. Si kweli. Yalitangazwa. Yalisemwa redioni na kwenye mikutano, kwa maikrofoni, mchana, na watu wenye suti: kwamba njaa yetu ina kabila. Kwamba watu wa asili ya mkoa wa Kasai wamekalia viti vyetu. Waliitwa bilulu, wadudu, na neno hilo lilitoka kwenye maikrofoni likaingia shuleni, sokoni, kwenye foleni ya maji, na mwisho hata kwenye ngazi za kanisa baada ya misa. Nilimuuliza baba kama anaamini. Alinyoosha kola ya shati lake. Alikuwa amepewa kiti cha mkubwa wake, ambaye alikuwa Mkasai.

“Kiti kilikuwa wazi,” alisema.

Fundi alikuwa amezaliwa kambini. Baba yake ndiye aliyeletwa na kampuni, akiwa kijana, kuja kuvunja mawe. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona Kasai.

“Banasema nirudi,” aliniambia tukiwa majini, mara ya mwisho tulipovua pamoja. “Kurudi ni kwenda kwenye ulitoka. Mi nilitoka ku materniti ya kampuni, pale nyuma ya kantini. Nirudi pale? Banifungulie.”

Siku mbili baadaye alisukuma kayaki mpaka kwetu, akaiegemeza ukutani. “Ikae hapa. Kwenu habatakuya.” Mfuko ulikuwa ndani yake, umebanwa na boloti zangu. Hakuna aliyeutazama.

Walikuja kwake alasiri hiyohiyo, vijana wa mtaani na wa mitaa ya pili, wengine nikiwajua kutoka kwaya. Baba alishusha pazia akaniambia nisome. Nilikaa na kitabu cha uhandisi magotini nikasikiliza mlango ukipigwa, kisha ukipasuka. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu sikuuliza kitu. Kupitia upindo wa pazia niliona friji ikitolewa, imebebwa na wanne, wakicheka kwa uzito wake. Mlango wake ulifunguka na vibidoni vyetu vya barafu vikaanguka njiani, kimoja kimoja, kwenye udongo mwekundu. Fundi na mke wake walitoka nyuma, kila mmoja na furushi, wakaelekea stesheni ya treni, ambako mamia ya wenzao walikuwa wameshalala chini siku nyingi. Mama huyo, mke wa fundi, alipita mbele ya dirisha letu. Hakugeuza kichwa. Niliona amekumbatia sufuria, na nikajua ndani ya sufuria kuna nini.

Siku ya tatu fundi alirudi. Mchana kweupe, kwa njia ya nyuma, akiwa amevaa kofia ya mtu mwingine. Ndevu zake zilikuwa zimeota nyeupe.

“Nimekuya ju ya mufuko,” alisema. “Ile dawa ya mama. Ku gare ya treni hakuna frigo, hakuna hata kivuli. Masista batanipa barafu, lakini sina kwa kuiweka. Treni banasema ni kesho ao kesho kutwa.”

“Nani amesema?” niliuliza.

“Bantu ba reli.”

“Balisema vile hata juma yenye ilipita.”

“Njo vile banasema tena.”

Tulikuwa tumesimama kando ya kayaki, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili. Nilimuuliza safari itachukua siku ngapi. Hakujua. Nilimuuliza dawa ile inaweza kukaa siku ngapi bila baridi.

“Ju ya nini unauliza?”

“Nataka kujua.”

“Hata mi nataka kujua. Lakini sitaki kuijulia mu mwili ya bibi yangu.”

“Nyungu, Tata. Nyungu ya udongo na kitambaa ya maji. Inatiaka baridi.”

“Nyungu? Mu wagon yenye bantu banasimama juu ya bantu?”

Nikamwambia tungeweza kushona mfuko mwingine. Akaniuliza kwa povu gani, maana friji zake zote zilikuwa zimeondoka kwa miguu. Nikauliza kama masista wasingeweza kuzitunza chupa hizo huko kwao. 

“Unaulizaka muzuri, mwana,” alisema. “Ile siku balivunja mulango yangu, sikusikia hata swali moja kutoka huku.”

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kwa adabu, kwa ile sauti yake ya ofisini: “Tata, tunakuheshimu. Unajua. Lakini bwato ikitobolewa, hapa tutakula nini?”

Fundi aliinama juu ya kayaki. Alifungua kifuniko, akaingiza mkono ndani ya mfuko mpaka bega, akapapasa chini, boloti moja moja, kama daktari anayetafuta mahali panapouma. Kisha aliutoa mkono, akapitisha vidole kati ya mfuko na sakafu.

“Nati mbili,” alisema.

Sikumuuliza ana maana gani.

“Injenieri. Iko namna?”

“Hakuna namna, Tata. Ikitoka, bwato inazama.”

“Uko hakika?”

“Niko hakika.”

Nimeshatilia shaka Mungu, serikali, ramani na dawa ya mswaki. Kwa jambo hili moja, ambalo ningeweza kulijaribu kwa mikono yangu palepale, nilikuwa na hakika. Fundi alifunga kifuniko vizuri, akabonyeza kingo zote nne kwa mazoea, ingawa ndani hamkuwa na barafu wala samaki. Alivaa kofia ile akaenda.

Nilijiambia atarudi kesho, na kwamba kama treni ingekuwa ya kweli angesisitiza. Nilijiambia mambo mengi, na kila jambo lilikuwa na mantiki.

Asubuhi iliyofuata baba alikaa kwenye kiti cha mbele cha kayaki, mahali pa fundi, na shati lake jeupe. Hakujua kupiga kasia. Tulivua hivyo hivyo. Barafu tulikuwa tumeipata kwa mtu wa mtaa wa tatu, ambaye friji yake ilikuwa kubwa na mpya kwake. Vibidoni nilivitambua, na hata yeye aliona kwamba nimevitambua. Tulipata makobo wengi siku hiyo. Nikawapanga kama nilivyofundishwa, kitambaa, samaki, kitambaa.

Tulipokuwa tukirudi tulikuta kizuizi cha reli kimeshushwa. Treni ilipita. Haikuwa ya abiria. Yalikuwa mabehewa ya madini na ya mizigo, na watu ndani yake, na juu yake, na katikati ya behewa na behewa, na masufuria na magodoro na mashine za kushonea. Ilipita polepole sana, hata ningeweza kutembea sambamba nayo. Nilitafuta kofia ile. Tulisimama pale na kayaki juu ya magurudumu yake, na mkono wangu ulikuwa umelala juu ya mfuko. Ulikuwa baridi.

“Usitazame,” baba alisema.

Nilitazama mpaka behewa la mwisho. Sikuwaona. Jioni tulikula samaki.

Tuliendelea kula samaki msimu wote wa mvua. Baba alijifunza kupiga kasia. Nyumba ya fundi ilichukuliwa na familia kutoka Mutoshi, watu wapole, waliotuuliza kwa nini mlango wao una mbao mpya. Chuo hakikufunguliwa. Watu wa suti walisema kazi zitarudi sasa, na kazi hazikurudi, na hakuna friji hata moja mtaani iliyoharibika ikapata mtu wa kuitengeneza. Moja baada ya nyingine zilinyamaza, na yule wa mtaa wa tatu akaja kuniuliza mimi, kwa kuwa nimesoma, kama ninajua zinavyofanya kazi.

Habari ilitufikia kwa mtu wa reli aliyekuja kununua makobo. Alikuwa akichagua samaki, akimsifu kwa baridi yake, akaanza kusimulia safari zile bila kuulizwa. Alisema treni moja ilisimama porini kabla ya Kamina, siku nyingi, juani, kwa kukosa kichwa cha kuivuta. Alisema palikuwa na mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari, na mumewe alikuwa akishuka kila saa kutafuta maji ya kulowanisha kitambaa juu ya sufuria. Kila saa, alisema, kama mwendawazimu, hata watu walimcheka. Yule mama walimzika kando ya reli. Mumewe alipanda tena treni ilipoondoka; baada ya hapo yeye msimulizi hakujua alikofikia.

“Alikuwa fundi wa kitu gani sijui,” alisema. “Huyu hapa, mkubwa. Nifungie huyu.”

Nilimfungia.

Siku iliyofuata sikwenda ziwani. Nilipindua mfuko nje-ndani kadiri ulivyokubali, nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata ncha ya boloti ya kwanza chini kidogo ya nati ya juu. Ilikuwa imeingia kutu lakini ilikatika. Nati ya juu ilianguka. Nikakata ya pili, ya tatu, ya nne. Nikauinua mfuko nao ukaja mikononi mwangu, mwepesi, na matundu manne madogo chini ambayo kipande cha mpira kingeyaziba. Kwenye sakafu ya kayaki boloti zangu nne zilibaki zimesimama, kila moja imebanwa na nati yake ya kwanza na lami yake, zikiziba mashimo yake zenyewe. Nati mbili. Hata mwanafunzi wa karakana wa juma la kwanza angeona. Fundi alikuwa ameona, kwa vidole, ndani na chini ya mfuko, na alikuwa amesubiri niseme mimi.

Nilipoanza, kengele ya shule ilikuwa imelia kwa mapumziko. Nilipomaliza, watoto walikuwa bado nje wakicheza.

Hata hivyo sikuamini. Niliijaza kayaki maji kwa ndoo, pale uani, juu ya magurudumu yake, nikalala chini yake chali kutazama upande wa chini, nikisubiri hata tone moja. Nililihitaji sana tone hilo. Mpira ulikuwa mkavu. Nilipitisha kidole kwenye kila kichwa cha boloti, kikatoka kikavu mara nne.

Baba alirudi kutoka ofisini akanikuta hapo chini. Aliutazama mfuko ukiwa peke yake juu ya mchanga, kifuniko wazi, kisha akanitazama mimi.

“Sasa samaki tutaweka wapi?” aliuliza.

Lilikuwa swali zuri. Nilibaki nimelala pale, maji ya ndoo yakiwa juu yangu yote na hakuna tone lililodondoka, nikamwacha asubiri jibu.